Ukaguzi wa mwisho wa kuzunguka ndege kabla haijaondoka: ni kazi ya nani, na nani anaruhusiwa kuisimamisha?

Mwanarampu

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Ninafanya kazi ya kuhudumia ndege katika uwanja mmoja hapa nchini, upande wa mizigo na wa kuisukuma ndege nyuma inapoondoka. Bado mimi ni mgeni kazini, na ninaomba mawazo ya wale waliokaa muda mrefu, kwa sababu niliyofundishwa darasani na ninayoyaona kwenye maegesho yameanza kupishana.

Tulifundishwa kwamba kabla ndege haijasukumwa, mtu mmoja aliyepangiwa kazi hiyo huizunguka yote kwa miguu. Anaangalia kwamba milango ya mizigo imefungwa na vishikio vyake vimelala sawasawa na bodi, vifuniko vyote vimeondolewa, hakuna kimiminika kinachovuja, na hakuna kifaa kilichobaki ndani ya mstari wa usalama. Ndipo fomu hutiwa saini. Katika zamu yetu fomu hiyo mara nyingi husainiwa juu ya goti, ndani ya gari, wakati wapakiaji bado wanahangaika na mzigo wa mwisho. Juzi jambo lilizidi. Ndege ilikuwa imechelewa, na mwenzetu akaondoa choki zote (vizuizi vinavyowekwa kwenye magurudumu ndege isitembee), za mbele na za nyuma, kabla trekta la kuisukuma halijaunganishwa, akiamini kwamba breki ya maegesho imefungwa, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza kapteni. Nilipohoji, kiongozi wa zamu alinijibu kwamba rubani ameshaizunguka ndege kwa macho yake na fundi ameshasaini, kwa hiyo sisi tunarudia tu kilichokwisha kufanywa.

Jambo la pili lilitokea saa hiyohiyo. Ncha ya mashine ya mkanda ya kupakilia mizigo iligusa bodi chini kidogo ya mlango wa nyuma. Aliyekuwa akiiendesha alipitisha kitambaa, alama ikafifia, akasema ni rangi tu. Kwa bahati fundi alikuwa jirani; nilimwita, akakagua kwa tochi na kwa kidole, akaridhika, na ndege ikaondoka. Lakini hakuna ripoti iliyoandikwa, na nimeambiwa kwamba nimeanza kazi kwa kuchongea wenzangu.

Maswali yangu ni haya: je, kiongozi wangu ana hoja? Na mtu wa cheo cha chini kama mimi anaruhusiwa kuzuia ndege?

Mzee wa Zamu

Mwanangu, nimeongoza zamu za huduma za ndege viwanjani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nitaanza na choki kwa kuwa hapo hakuna la kujadili.

Breki ya maegesho ya ndege nyingi kubwa hushikiliwa na shinikizo la haidroliki lililohifadhiwa kwenye chombo chake, na pampu zikiwa zimezimwa shinikizo hilo linaweza kupungua kadiri ndege inavyokaa. Ndiyo maana choki zipo. Ukiziondoa bila trekta kuunganishwa na bila neno kutoka chumba cha marubani, umeiacha ndege ya makumi ya tani ikitegemea kitu ambacho wewe uliye chini huwezi kukiona. Uwanja wenye mteremko mdogo tu wa kupitishia maji ya mvua unatosha kuifanya itembee, na mtu wa kwanza kuumia atakuwa yule aliyeinama mbele ya gurudumu akiwa amekumbatia choki.

Utaratibu nilioufuata mimi ni kwamba trekta huunganishwa kwanza na breki yake hufungwa, kisha huchomekwa pini inayotenganisha usukani wa magurudumu ya mbele na chumba cha marubani. Baada ya hapo mtu wa hedseti, yule anayezungumza na marubani kutoka chini, humuuliza kapteni kama breki imefungwa, husubiri ajibiwe kwa sauti, ndipo choki huondolewa. Mashirika hutofautiana kidogo katika mpangilio, na miongozo ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, kuhusu shughuli za ardhini huachia shirika nafasi ya kuweka taratibu zake, lakini sijaona shirika linalokuruhusu kuondoa choki kwa kukisia. Ndege ikishasukumwa na trekta kuachanishwa, mtu wa hedseti husogea pembeni mahali anapoonekana na kuinua ile pini yenye utepe mwekundu, na rubani hujibu kwa mkono kwamba ameiona. Usiruhusu mtu akuharakishe hapo. Rubani akianza kuondoka huku pini bado ipo, atazungusha usukani na magurudumu hayatamfuata.

Kuhusu kuzuia ndege, ndiyo, unaruhusiwa, na hakuna cheo kinachohitajika. Ukiona hatari, inua mikono yote miwili juu ya kichwa na uikingamanishe. Ishara hiyo inajulikana na dereva wa trekta na rubani, awe wa taifa lolote. Mtu wa hedseti asimamishe msukumo kwanza, maelezo yatafuata. Mimi sikuwahi kumwadhibu mtu aliyesimamisha ndege bure. Niliwaadhibu waliosaini fomu wakiwa wamekaa.

Fundi wa Usiku

Ninakubaliana na Mzee wa Zamu, ila ninaomba niijibu hoja ya kiongozi wa zamu kwa undani zaidi, kwa sababu wazo lake kwamba wengi wameshaangalia ndilo linaloonekana tena na tena kwenye ripoti za uchunguzi.

Tarehe 18 Julai 2018, Airbus A330 ya Malaysia Airlines iliondoka Brisbane, Australia, saa tano na nusu usiku kuelekea Kuala Lumpur ikiwa na abiria 215 na wafanyakazi 14. Ilipopaa, mirija yake yote mitatu ya pito, ile inayopokea hewa ya mbele ili marubani waijue kasi ya ndege, ilikuwa bado imevikwa vifuniko. Vifuniko hivyo viliwekwa kwa nia njema kabisa: Brisbane ina nyigu wanaojenga viota vya udongo ndani ya mirija hiyo, na mirija inaweza kuzibwa katika muda mfupi wa kukaa maegeshoni. Tatizo lilikuwa kuviondoa. Wachunguzi wa Australia walieleza kwamba kulikuwa na kaguzi kadhaa ambazo kila moja ingeweza kuvigundua, za marubani, za mafundi na za wahudumu wa ardhini, na kwamba kaguzi hizo ama hazikukamilika ama hazikufanyika kabisa. Vifuniko vitatu vyenye tepe nyekundu zinazoning'inia vilipita katikati ya watu wote hao. Katika kukimbia kwenye njia ya kurukia, vionyesho vya kasi vya marubani vilitoa alama ya hitilafu, na marubani walipoitambua ndege ilikuwa imeshashika kasi isiyoruhusu kusimama salama. Walirudi na kutua salama baada ya takriban saa moja, kwa kazi nzuri waliyoifanya angani.

Sasa jiulize kwa nini kila mmoja hakuona. Sidhani kwamba wote walikuwa wazembe. Fundi aliyeviweka alidhani kuna atakayeviondoa, mhudumu wa ardhini hakuona kuwa vifuniko ni sehemu ya kazi yake, rubani hakuvitarajia. Shirika lilikuwa limerejea kutua Brisbane muda mfupi tu uliopita, na mgawanyo wa kazi kati ya makampuni yaliyohudumia ndege haukuwa umeeleweka vizuri. Kiongozi wako anaposema kwamba fundi ameshasaini, muulize fundi amesaini nini. Mimi ninaposaini, ninathibitisha kazi niliyoifanya mimi, kwa saa niliyoifanya. Mlango wa mizigo uliofungwa baada yangu haumo kwenye saini yangu.

Mfano wa pili unauma zaidi sisi mafundi. Tarehe 24 Mei 2013, Airbus A319 ya British Airways iliyokuwa ikienda Oslo ilipoinua pua kutoka Heathrow, milango ya maganda ya injini zote mbili iling'oka. Bomba la mafuta la injini ya kulia liliharibika na moto ukawaka. Abiria 75 na wafanyakazi 5 walirudishwa na kushushwa kwa mateleza ya dharura, wote wakiwa hai. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mafundi wawili waliifungua milango hiyo kukagua mafuta ya kilainishi ya jenereta, wakaiacha bila kufungwa kwa kufuli wakaenda kufuata vifaa. Waliporudi, walirudi kwenye ndege nyingine iliyoegeshwa jirani. Walikuta milango imefungwa vizuri, wakajipatia maelezo ya kwa nini iko hivyo, na wakaendelea. Asubuhi rubani msaidizi aliizunguka ndege, na dereva wa trekta naye aliizunguka, na hakuna aliyeona.

Wasioijua ndege hii hushangaa iweje mlango mkubwa namna ile usionekane kuwa wazi. Ukweli ni kwamba milango ile ikishushwa bila kufungwa hukaa karibu kabisa na mahali pake, kwa nafasi ndogo tu, na vifungio viko tumboni mwa injini, chini, karibu na ardhi. Mtu anayetembea wima kwa mwendo wa kawaida hawezi kuviona. Lazima uchutame, uinamishe kichwa hadi karibu na goti, na utazame kwenda juu. Kwa hiyo ninapomfundisha mtu kuzunguka ndege, simwangalii macho, ninamwangalia magoti. Asiyeinama penye injini hajakagua injini. Baadaye ndege za familia hiyo ziliwekewa kifungio chenye ufunguo wa bendera nyekundu, ambao hautoki mpaka kifungio kifungwe sawasawa, na mahali pake pa kukaa ni chumba cha marubani. Kwangu mimi hilo ni jibu bora kuliko barua mia za onyo kwa wafanyakazi.

Dakika za Hasara

Ninaheshimu uzoefu wa waliotangulia, lakini tuwe wakweli kuhusu mazingira yetu. Ndege ya safari za ndani hupewa dakika chache ardhini, na zamu iliyopangiwa watu sita inafika na watu wanne. Ikichelewa, msimbo wa ucheleweshaji huandikwa kwa jina la kampuni ya huduma za ardhini, na mwisho wa mwezi kiongozi wa zamu huitwa kujieleza. Huyo kiongozi mnayemlaumu huenda hajawahi kupongezwa hata mara moja kwa ndege aliyoizuia. Kumwambia kijana wa mkataba wa muda aikingamanishe mikono juu ya kichwa ni rahisi kwa mstaafu. Mkataba wake ukiisha usipohuishwa, hakuna atakayemwambia kuwa sababu ilikuwa ile mikono.

Isitoshe, matukio haya mengi mnayoyataja yametokea kwenye viwanja vikubwa vya mataifa tajiri, penye watu wa kutosha, vifaa vya kutosha na vyeti vyote. Kama wao wamekosea, sisi tutaambiwa tuiname tu?

Kiti cha Kulia

Dakika za Hasara amesema kweli ambayo haipendezi, na sitaipinga. Mimi ni rubani msaidizi, na huwa ni mimi ninayeizunguka ndege mara nyingi, kwa hiyo ningependa kueleza kile ambacho mzunguko wangu unaweza kukiona na kile usichoweza.

Kwa kawaida ninashuka mapema, mafuta yakiwa bado yanajazwa na mizigo ikiwa bado inaingia. Ninaangalia matairi, breki, mirija ya pito, mbawa, injini, dalili za kuvuja. Kisha ninapanda juu na kuanza kuandaa kompyuta za safari. Kuanzia hapo ndege inaendelea kubadilika bila mimi: mashine ya mkanda inasogezwa na kuondolewa, gari la maji linakuja, kifuniko cha huduma kinafunguliwa na kufungwa, ngazi zinavutwa. Kwenye aina nyingi za ndege nikiwa kitini siioni injini wala tumbo la ndege. Kiongozi wa zamu anayesema rubani ameshaizunguka ana haki, ila rubani ameizunguka ndege ya nusu saa iliyopita. Anayeizunguka mwisho ndiye pekee anayeiona ndege itakayoruka. Tukio la Heathrow la 2013 ni hali tofauti, kwa sababu kosa lilikuwepo tangu usiku; lakini mguso wa mashine ya mkanda, ndugu Mwanarampu, hutokea hasa katika ile nusu saa ambayo mimi sipo.

Na kuhusu mguso huo, kuna tukio moja ambalo kila mpakiaji anapaswa kulijua. Tarehe 26 Desemba 2005, MD-83 ya Alaska Airlines iliondoka Seattle kwenda Burbank. Ilipofika karibu na futi 26,000, bodi ilipasuka na hewa ya ndani ikatoka ghafla. Barakoa za oksijeni zikashuka, marubani wakateremka haraka na kurudi Seattle. Tundu lilikuwa na urefu wa takriban sentimita 30 na upana wa sentimita 15. Mfanyakazi wa mizigo alikuwa ameigusa ndege kwa gari ikiwa maegeshoni, na hakusema mpaka baadaye. Ardhini lilikuwa bonyeo. Kule juu, tofauti ya mkandamizo kati ya ndani na nje iliusukuma ule udhaifu mpaka ukaachia.

Hiyo ilikuwa ndege ya aluminiamu, ambayo angalau hubonyea na kuonyesha jeraha lake. Boeing 787, ambazo Air Tanzania na Kenya Airways wanazirusha, zina bodi ya nyuzi za kaboni. Pigo butu linaweza kuacha alama ndogo ya rangi juu huku tabaka za ndani zikiwa zimeachana, na jicho la mpakiaji haliwezi kulijua hilo, wala langu. Neno «ni rangi tu» haliwezi kusemwa na mtu aliyeshika kitambaa. Ulifanya vyema kumwita fundi, na ninakuomba ukubali kuitwa mchongezi kwa muda.

Fundi wa Usiku

Ninarudi kwa ajili ya hoja ya Dakika za Hasara, maana haijajibiwa na haistahili kupuuzwa. Ni kweli kwamba kumwambia mtu awe makini hakutoshi, na ushahidi uko hukohuko kwenye mataifa tajiri.

Tarehe 18 Juni 2021, 787-8 ya British Airways ilikuwa ikipakiwa mizigo Heathrow kwa safari ya Frankfurt. Mafundi walitaka kufuta ujumbe wa hitilafu kwa kusogeza mkono wa kukunjia magurudumu, ulio chumba cha marubani, kutoka chini kwenda juu, kazi ambayo kabla yake lazima pini za kufungia zichomekwe ili magurudumu yasikunjwe. Fundi kiongozi hakuweza kuifikia sehemu ya pini ya mbele kwa sababu ya kimo chake, akamwonyesha mwenzake aliyepanda ngazi mahali pa kuichomeka. Pembeni ya tundu sahihi palikuwa na tundu jingine ambalo pini hiyohiyo inaingia vizuri tu. Iliingia huko. Mkono ulipoinuliwa, magurudumu ya mbele yalijikunja na pua ya ndege ikaanguka chini, huku watu wakiwa wanapakia. Rubani msaidizi na mpakiaji mmoja waliumia kidogo.

Kosa hilo lilikuwa limeshatokea kwenye ndege nyingine ya aina hiyo, na agizo la kuliziba lile tundu la pili lilikuwa limeshatolewa Marekani. Mashirika yalipewa miezi 36 kulitekeleza, na ndege hii ilikuwa bado ndani ya muda huo. Sasa nani mzembe hapo? Nikilinganisha, ninaona kipande kidogo cha chuma cha kuzibia tundu kingefanya kazi ambayo macho ya watu wawili hayakuifanya. Kwa hiyo ninakubaliana nawe kwamba tusiwabebeshe vijana mzigo wote. Ila kampuni haitajua kwamba zamu ya watu wanne haitoshi, au kwamba mashine fulani ya mkanda breki zake zinateleza, ikiwa kila mguso unafutwa kwa kitambaa. Anayefuta alama anafuta pia hoja yenu ya kudai watu na vifaa.

Mwanarampu

Ninawashukuru sana wote. Nimezungumza na kiongozi wangu kwa upole, nikaomba tu kwamba anayezunguka mwisho atajwe kwa jina mwanzo wa zamu na asiwe dereva wa trekta. Hakukataa, lakini hakukubali pia. Swali langu la mwisho ni kuhusu ripoti. Nikiiandika sasa, ndege imeshaondoka na fundi ameshasema ni salama. Niandike nini bila kuonekana ninamshtaki mwenzangu?

Fundi wa Usiku

Andika, na usichelewe zaidi. Weka namba ya usajili wa ndege, tarehe, saa, namba ya maegesho, na mahali hasa palipoguswa: upande gani, chini ya mlango upi, kimo gani kutoka ardhini, na alama ilikuwa na urefu gani kwa kukadiria. Taja mashine kwa namba yake na sehemu yake iliyogusa, kama mpira wa ncha ulikuwepo au ulikuwa umechakaa, na hali ya mwanga na mvua. Eleza kwamba fundi aliitwa na alichokisema. Jina la dereva halihitajiki kwenye maelezo. Wakilihitaji wanalo kwenye orodha ya zamu. Kisha hakikisha kwamba fundi aliyekagua ameingiza ukaguzi wake kwenye kitabu cha ndege, kwa sababu neno la mdomo chini ya bawa halimfikii fundi wa kituo kinachofuata, ambaye ataiona alama ileile na hatajua kama imekaguliwa au ni mpya.

Mzee wa Zamu

Na huo mpira wa ncha uuangalie leo kabla ya ndege ya kwanza. Ukiukuta umekatika, mashine hiyo isiisogelee ndege mpaka itengenezwe, hata ikibidi mizigo ipandishwe kwa mikono.